Poka ya nyumba nzima: mdogo ana miaka 6, kukhu (nyanya yao) ana zaidi ya 70. Nyinyi hucheza kwa sheria gani?

MamaTatu_Nakuru

Habarini wenzangu. Niko Nakuru, upande wa Section 58. Watoto wamefunga shule na mvua ya Agosti haiwaachi watoke nje jioni, kwa hivyo nimenunua pakiti ya kadi ili simu zipumzike. Wachezaji ni mimi, baba yao, kifungua mimba wa miaka 15 aliyetoka bodingi, wa pili wa miaka 10 na kitinda mimba wa miaka 6. Yuko pia mama mkwe, amekuja kutoka Kaimosi kutibiwa macho.

Tunacheza poka, hii yetu ya "niko kadi", ya kufuatisha aina au namba mpaka kadi zikuishie, si ile ya pesa. Lakini kila mtu ana katiba yake. Mkubwa anasema kwao bodingi kadi za kuokotesha, kama 3 juu ya 3, zinajumlishwa, na jokeri ikija juu yake nayo inaongezwa. Baba yao anasema enzi zake Esi ilizuia kila kitu na hakuna aliyeuliza. Juzi mdogo aliokota kadi kumi na moja kwa mpigo. Alizitazama, akazimwaga sakafuni, akaingia chini ya meza na kukataa kutoka. Hata zile nne za kuanzia hawezi kuzishika vizuri, zinamponyoka na kila mtu anaona alicho nacho.

Kukhu naye hachezi kabisa. Ni mtu wa kanisa la Friends tangu utotoni, na kwake kadi ni kamari, maneno yameisha. Anakaa kando na Biblia yake, ila jicho liko mezani muda wote.

Nyinyi wenye wadogo na wazee chini ya paa moja mnachezaje? Nimwachie mdogo ashinde kidogo ili asikate tamaa? Na kukhu nimwambie nini?

Dogo_wa_Lanet

Nunua Uno mama. Rangi nne, mtoto anaelewa papo hapo. Poka ni ya mabweni.

Fundi_Stima_Kondele

Dada wa Section 58, pole. Hapa Kondele stima ikipotea ndipo kadi hutoka kabatini, na kwa kuwa mimi ndiye fundi wa stima, wanangu hucheka kwanza ndipo wagawe. Haya, nikujibu.

Kumwachia mtoto ashinde, usithubutu. Mtoto wa miaka 6 ananusa, na akishanusa hata ushindi wake wa kweli hatauamini. Tena hana haja ya kuachiwa. Nusu ya poka ni bahati, kadi zikichangwa vizuri mdogo atapata siku yake bila msaada wa mtu. Kinachomuumiza ni sheria moja tu, ya kujumlisha. 3 juu ya 3, kisha jokeri ya 5, hizo ndizo kumi na moja zake. Mtu mzima akiokota kumi na moja anatabasamu kimoyomoyo kwa sababu anajua ndani yake kuna silaha. Mtoto haoni silaha hapo, anaona kwamba amechapwa mbele ya watu.

Kwangu hakuna kujumlisha. Ukitupiwa 2, unaweza kuweka juu yake kadi nyingine ya kuokotesha, na anayefuata ataokota idadi ya ile ya juu peke yake. Au unatoa Esi, mambo yanaishia hapo. Huna hii wala ile, okota mbili zako, maisha yaendelee.

Sasa kuna jambo ambalo najua wengi humu watanipinga. Usimtungie mdogo sheria yake peke yake, eti yeye akitupiwa asiokote, yeye aruhusiwe kubadilisha. Atakayelipuka si mkubwa, ni wa miaka 10. Mtoto wa kati ndiye jaji wa nyumba, kila upendeleo anauandika moyoni. Afadhali mchezo upunguzwe kwa wote. Toa jokeri zote mbili, 3 zote nne, Jeki nne na Kingi nne, funga kwa mpira weka kwenye droo. Katika 54 utabaki na 40: Esi, 2, Kwini na namba 4 mpaka 10. Hapo mdogo hana mengi ya kukumbuka. 2 inaokotesha. Esi unaomba aina unayotaka. 8 na Kwini ni maswali. Nyingine zote ni majibu. Ile Esi ya spedi ambayo wakubwa huitumia kuomba kadi kwa jina, "nataka 7 ya kopa", iwe Esi kama wenzake kwanza.

Mkicheza sita na kugawana nne nne, zinaondoka 24, moja inafunguliwa ya kuanzia, rundo linabaki na 15. Zitaisha upesi, kwa hivyo zilizochezwa zitachangwa tena na tena. Kazi hiyo mpe mdogo. Azitawanye mezani kifudifudi, azikoroge kwa viganja viwili, azikusanye. Itachukua muda, na baba yao avumilie. Akishazoea, rudisha Jeki, maana kumruka baba ni raha ya pekee. Kingi, ile ya kurudisha zamu nyuma, ifuate. 3 na jokeri zirudi mwisho kabisa, na hata zikirudi zisijumlishwe, wa bodingi aseme asemavyo.

Wadogo wengi hukwama kwenye swali. Mtoto anatupa 8 ya kopa, anashangilia, anasahau kwamba anayeuliza ndiye anayejibu. Lazima afuatishe kopa nyingine juu yake, au aongeze swali jingine, na kama hana aokote moja. Wangu aliniuliza, "Baba, kwa nini nijiulize mwenyewe?" Nilikosa la kusema, nikamwambia atupe kadi tuendelee. Kwa hiyo mfundishe hivi: kabla hujatoa 8, tafuta kwanza jibu lake, uzishike mbili pamoja, kisha ndiyo utoe.

Halafu angalia mwisho wa mchezo, kwa sababu pale poka inamlinda mtoto yenyewe. Hamalizi mtu kwa kadi ya kazi. Ya mwisho lazima iwe jibu: 4, 5, 6, 7, 9 au 10. Mwenye tamaa anakusanya Esi na 2, anatisha meza nzima, kisha anajikuta hana cha kutokea. Mtoto aliyemwaga silaha zake mapema bila hesabu yoyote amebaki na 5 ya maua na 5 ya dayamondi. Anasema niko kadi, zamu ikirudi na kitu cha kufuatana anaziteremsha zote mbili pamoja, kwisha kazi. Nimeona wazee wakinyamaza ghafla hapo.

Sheria ya kusema "niko kadi" msiilegeze kwa mtu yeyote. Asiyesema zamu moja kabla ya kumaliza, anaokota mbili. Wadogo ndio askari wa sheria hii. Kitinda mimba wangu haangalii hata kadi zake, anahesabu za mama yake. Siku moja mama alikuwa akikaanga omena na kucheza kwa wakati mmoja, akatupa 9 yake, akageukia sufuria. Nikasikia kelele mpaka jirani akafungua dirisha: "Hajasema! Mama hajasema!" Omena ziliungua kidogo, na mbili aliziokota.

Kuhusu kushika, nenda sokoni ununue brashi ya kufulia, ile ya mbao yenye nywele ngumu. Ilaze mgongo chini, nywele zikitazama juu, halafu chomeka kadi katikati ya mistari ya nywele. Zinasimama wima, uso unamwelekea mtoto, mgongo unaelekea wengine. Anachomoa anayotaka kwa mikono miwili. Lakini brashi iwe mpya. Kadi ikionja maji ya sabuni inavimba pembeni, na kuanzia siku hiyo nyumba nzima inajua Kwini ya kopa iko wapi.

Na wewe wa Lanet, sina ugomvi na Uno, lakini Uno ni mtoto wa ukoo huuhuu. Kinyozi wa Ohio huko Marekani, Merle Robbins, aliitunga mwaka 1971 akianzia mchezo wa kadi za kawaida uitwao Crazy Eights, na poka yetu ni ndugu wa mchezo huo. Ukiinunua umenunua na ugomvi wake. Mwaka 2019 wenye Uno wenyewe walitangaza mtandaoni kwamba ukitupiwa +4 huruhusiwi kuweka +2 juu ili wa mbele aokote sita. Watu waliwabishia mpaka leo.

Ya kukhu namwachia mwingine. Mimi na wazee wa kanisa sijawahi kushindana nao nikashinda.

Shangazi_Busia

Fundi umeandika kama katibu wa tume. Mengi nakubali, ila poka ya watu sita inaburuzika, mtoto anasinzia kabla mshindi hajapatikana. Huku mpakani tumezoea Matatu, tuliyoivuta kutoka kwa jirani zetu wa Uganda. Mnagawana saba saba, 2 inaokotesha, Esi inabadilisha aina. Raha yake iko kwenye 7. Mwanzoni kadi moja inafunguliwa na kuwekwa chini ya rundo, kila mtu anaona ni aina gani. Mwenye 7 ya aina hiyo akiipata nafasi ya kuitupa, mchezo umekatwa papo hapo. Kila mtu anahesabu alizobaki nazo, mwenye alama chache ndiye mshindi.

Hapo wa miaka 6 anajumlisha kwa vidole bila kuambiwa kwamba ni hesabu. Na mwenye kujilimbikizia kadi anakamatwa nazo mkononi. Watu sita ni wengi kwa Matatu, rundo halitoshi. Gawanyikeni, meza mbili za watatu.

Mwalimu_Kakamega

MamaTatu, kukhu usimwambie chochote. Mpe mkasi.

Nafundisha Gredi ya 3, na nimelelewa na nyanya wa namna hiyo. Hofu yao si ya bure. Wengi wa rika lake walizionea kadi kwenye nyumba za chang'aa, noti zikiwa chini ya kopo, na kuna waliorudi nyumbani bila mshahara. Leo kamari imehamia kwenye simu na mzee anaiona kwa wajukuu wa jirani. Ukianza kumweleza kwamba hizi ni tofauti, unamwalika kwenye mahubiri, na mahubiri anayajua kukuliko.

Tengenezeni zenu. Nunua manila ya saizi ya A4, ile nene. Karatasi moja ikunje katikati mara tatu, inakupa vipande vinane vilivyo sawa. Karatasi tano zinakupa 40, hesabu ileile ya Fundi. Vitakuwa vikubwa kidogo kuliko kadi za dukani, na kwa vidole vidogo na macho ya kukhu ni heri. Andika 1 mpaka 10 kwa kila aina. 1 ifanye kazi ya Esi, 2 na 8 zibaki na kazi zao, 3 ichukue kazi ya Kwini, yaani swali. Nyingine ni majibu. Hakuna Kingi, hakuna jokeri, hakuna sura hata moja ya kumkumbusha mtu baa.

Aina nne achague kukhu mwenyewe: mazao, mifugo, chochote. Watoto wachore, yeye akate. Tumieni penseli za rangi, maana wino wa kalamu nono hupenya mpaka mgongoni na siri yote inatoka nje. Namba iandikwe kubwa kwenye pembe ya juu kushoto, kwa sababu kwenye brashi ya Fundi sehemu ya juu ndiyo inayoonekana vizuri.

Na msichezee kitu. Sisemi pesa tu, hata njugu. Kukhu akiona njugu katikati ya meza ataondoka na mkasi wake.

Pia mketishe yeye na mdogo pamoja, mkono mmoja wa kadi kwa watu wawili. Mdogo anasoma namba, kukhu anaamua. Bibi asiyeona vizuri na mtoto asiyejua vizuri wakiungana ni hatari sana, utaniambia.

Dogo_wa_Lanet

Sawa Fundi, nimenyamaza. Lakini Uno haivimbi kwa sabuni.

Fundi_Stima_Kondele

Inavimba. Nimejaribu.

MamaTatu_Nakuru

Nimerudi na habari. Brashi nimeinunua na kadi zote 40 ziko tayari. Nilimwambia kukhu tu kwamba watoto wana kazi ya kukata karatasi na mikono yao haijanyooka. Alikata zote, na alipoona mkubwa amekunja karatasi vibaya alimrudisha aikunje upya. Alipoulizwa aina akataja mahindi, kuku, jembe na omena. Kuku wa mdogo na omena wake wanafanana mno, vyote vina mkia na jicho moja, kwa hivyo tumewapaka kuku rangi nyekundu.

Kujumlisha tumefuta. Mkubwa alinuna, akasema hii si poka. Baba yao akamwambia akaifungue mahakama ya katiba.

Kukhu anacheza! Ameketi na mdogo, na mwalimu alisema kweli. Kila wakipata 1 wanaomba omena, hata kama hawana omena hata moja, ili tu sisi tuokote. Mdogo hajalia tangu tuanze na hizi. Aliposhindwa jana alidai zichangwe tena upesi kabla baba hajaenda kuoga.

Yamebaki maswali. Kukhu anakataa kusema "niko kadi", kwa sababu anashikilia kwamba hizi si kadi. Anasema "nimekaribia". Wa miaka 10 anasema haihesabiki na waokote mbili. Huyohuyo wa miaka 10 nimemkuta ameweka kadi chini ya paja, ili aonekane amebaki na chache. Na mwisho, mkubwa anataka Kingi irudi akiwa bado nyumbani. Sisi tukishapata mshindi huwa tunaendelea mpaka wanabaki wawili. Wawili hao Kingi inawafaa nini kama hakuna wa kumrudishia?

Fundi_Stima_Kondele

Kukhu akisema amekaribia, amekaribia. Mwambie jaji wako mdogo kwamba kinachotakiwa ni kuwaonya wenzako kwa sauti kabla ya kumaliza, na kukhu ameonya. Akiendelea kubisha, kila mtu mezani aseme "nimekaribia", sheria iwe moja.

Ya paja hutibiki kwa kumgombeza, maana atahamia kwenye soksi. Nunua brashi nyingine, yeye naye achomeke zake hapo kila mtu ahesabu migongo. Akisema brashi ni ya watoto, mshikishe mkubwa moja pia. Sheria ya kwangu ni kwamba kadi inayopatikana nje ya mkono au nje ya brashi inarudi kwa mwenyewe pamoja na mbili za rundo.

Kingi mkiwa wawili inakurudia mwenyewe, yaani unacheza tena. Jeki vilevile, unamruka mwenzako, zamu inakuangukia wewe. Kwa hiyo mwenye Kingi na Jeki mwishoni anaweza kucheza mfululizo mpaka abaki na jibu lake, mradi ziwe zinafuatana. Kwenye kadi zenu hamna Kingi wala Jeki, chagueni namba: 10 irudishe, 9 iruke. Ila mkifanya hivyo mjue majibu yamepungua, yanabaki 4, 5, 6 na 7 peke yake, kadi 16 katika 40, na kumaliza kutakuwa kugumu. Ningewaambia muanze na 10 tu.

Shangazi_Busia

10 irudishe, ndiyo. Na hiyo 7 msiipe kazi nyingine, siku moja mtataka kukata.

Mwalimu_Kakamega

MamaTatu, omena wa mdogo wabandikie karatasi ya fedha ya chokoleti kwa gundi. Halafu kata seti nyingine nzima uiweke, hizo za manila huanza kulegea pembeni na watoto watazitambua kwa nyuma. Ikilegea moja, badilisha zote, la sivyo mpya itajulikana kuliko hiyo kuukuu.

MamaTatu_Nakuru

Asanteni. Kukhu ameulizwa kuhusu 10. Amesema irudishe, lakini tuanze kesho, leo yeye na mdogo wamekaribia.